Kizimba chako hakitapita mlangoni: sakafu kwanza, chuma baadaye

Kizimba hicho hakitaingia ukumbini. Nimesoma swali lako, nimeutazama mchoro ulioambatisha, nimesoma na majibu ya wenzetu wanaokupigia makofi kwamba wazo ni zito, na bado nasema hakitaingia, kikiingia hakitasimama, na kikisimama, waigizaji wako watakosa mahali pa kukanyaga. Wazo ni zito kweli, na uzito wake nitaupigia hesabu sasa hivi.

Kwa wale wanaofungua uzi huu wakiwa wamechelewa: mleta uzi ameandika tamthilia kuhusu askari jela mstaafu anayeitawala familia yake kwa amri za gereza, na ameamua kwamba jukwaa zima liwe ndani ya kizimba cha nondo chenye upana wa mita 8, kina cha mita 4 na kimo cha mita 3, nondo moja kila baada ya sentimita 15, pande zote nne ukiwemo ule wa hadhira. Anauliza mambo manne: atumie chuma au mbao, apake rangi gani isiyong'aa, taa akodi wapi kwa bei nafuu, na amshawishi vipi mwelekezi wake ambaye anataka sebule ya kawaida yenye makochi. Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, anasema Jumamosi anampelekea fundi wa chuma wa Kamukunji malipo ya kwanza.

Usimpelekee.

Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa kila mita. Mzunguko wa kizimba chako ni mita 24, na ukisimamisha nondo moja kila sentimita 15 utahitaji nondo 160 zenye urefu wa mita 3, yaani mita 480, yaani nondo 40 nzima za mita 12 kama zinavyouzwa dukani. Hizo pekee zina kilo zaidi ya 420, kabla hujaweka fremu ya kuzishikilia, boliti za kuunganisha vipande, na vyuma vya kuzuia kitu chote kisilale juu ya mama mzazi katikati ya Tendo la Pili. Ni sawa na kuwabeba waigizaji sita hadi jukwaani, isipokuwa waigizaji huwa wanapanda ngazi wenyewe na hawahitaji lori.

Halafu kuna macho ya watu. Mtazamaji aliyeketi katikati ya ukumbi ataiona ile nafasi yako ya sentimita 15 kama ilivyo, lakini yule wa kiti cha pembeni, anayelitazama jukwaa kwa pembe ya digrii 60 kutoka mstari wa mbele-nyuma, nafasi hiyo kwake inakuwa nusu, na kadiri kiti chake kinavyozidi kwenda pembeni ndivyo nondo zinavyozidi kukaribiana hadi zinakuwa ukuta. Huyo naye amelipa tiketi. Mchoro wako umechorwa kutoka katikati kabisa ya ukumbi, mahali ambapo kwa kawaida huketi mtu mmoja tu, na mara nyingi ni shangazi wa mwelekezi aliyeingia bure.

Najua haya kwa sababu mimi nilijenga ukuta wa milango.

Tamthilia yetu ilihusu familia inayofukuzwa katika nyumba ya kupanga kule Eastlands, na dhana yangu, niliyoiandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, ilikuwa kwamba kila mlango ni maisha yaliyofungwa. Ukitaka kucheka, cheka. Nilikuwa nimevaa na skafu. Nilitaka milango halisi, si ya plaiwudi iliyopakwa rangi, kwa hiyo nikazunguka nikitafuta milango iliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa, nikapata tisa. Ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Mmoja ulikuwa bado na namba ya nyumba iliyoandikwa kwa brashi, na chini yake tundu la msumari lenye duara jeupe kulizunguka, pale ambapo kitu fulani kilikuwa kimetundikwa miaka mingi hadi mbao iliyobaki ikafifia kwa jua na ile iliyofunikwa ikabaki na rangi yake. Nilipouona huo nilijiambia kwamba jukwaa limekwisha jitengeneza lenyewe.

Nikatengeneza modeli kwa skeli ya 1:25, kwa kadibodi na vijiti, na milango midogo inayofunguka. Kwa skeli hiyo mlango wa sentimita 80 unakuwa na upana wa sentimita 3 na kidogo, na mtu mzima anakuwa na kimo cha kidole cha kati. Unaweza kuifungua milango yote tisa kwa ncha ya kalamu na kuifunga tena, na kila mtu mezani akasema "aaah". Tuliipiga picha kwa simu kutoka juu. Hakuna aliyeuliza ni mtazamaji gani ataketi darini.

Jambo ambalo modeli haikuniambia ni hili: mlango wa sentimita 80 ukifunguliwa hadi mwisho unafagia karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, na katika eneo hilo huwezi kuweka kiti, wala jiko, wala mtu. Milango tisa inakula mita za mraba nne na nusu. Mlango wa kweli, tena wa mbao ngumu, hausimami peke yake; unahitaji fremu, na fremu inahitaji mhimili wa pembetatu nyuma yake, wenye miguu inayorudi nyuma zaidi ya mita moja, na miguu hiyo inahitaji kufungwa sakafuni. Fundi wa ukumbi, mzee mpole aliyekuwa anavuta kiti chake polepole akituangalia, aliniambia kwamba katika sakafu yake haingii skrubu hata moja. Kwa hiyo tukaleta magunia ya mchanga ya kukandamiza ile miguu, na magunia yakaziba njia ya nyuma ambayo waigizaji walikuwa wapite kwenda kubadilisha maleba. Mwigizaji aliyetakiwa kutoka kulia na kuingia kushoto baada ya sentensi mbili ilimbidi atoke nje ya jengo, azunguke kupitia maegesho ya magari, na kuingia tena akiwa na umande kwenye nywele katika onyesho linalotokea saa saba mchana.

Na hapo nimeruka kwamba fremu zilikuwa zimechomelewa zikiwa nzima, kwa sababu fundi alisema kiungo kilichochomelewa ni imara kuliko boliti, jambo ambalo ni kweli kabisa kama unajenga lango la nyumba yako na huna mpango wa kulihamisha. Mlango wa kupakulia mizigo ulikuwa mfupi kuliko fremu zangu. Tukasimama pale nje asubuhi ya siku ya kwanza ya maonyesho, lori linadai malipo ya kungojea, na ikabidi tumwite fundi aje na grainda akate kila kitu vipande viwili na kutoboa matundu ya boliti, huku meneja wa ukumbi akikataza cheche zozote karibu na pazia. Wakati huo waigizaji walikuwa wameketi kwenye ngazi wakila maandazi, wakinitazama kwa heshima iliyokuwa ikipungua kwa zamu.

Lakini hata hayo si kosa lenyewe. Pesa za lori, za grainda na za mlinzi wa usiku ni pesa. Zinauma, na zikiisha unazisahau, au angalau unajifunza kuzisimulia kama kichekesho. Kosa lenyewe ni kwamba waigizaji walikuwa wamefanya mazoezi yote katika ukumbi wa kanisa wenye sakafu tupu, na viti vinne vya plastiki vikiwa "milango", na hawakuwahi hata mara moja kutembea ndani ya vipimo vya seti niliyokuwa nikiichora kwa majigambo nyumbani kwangu. Seti na waigizaji vilikutana saa sita mchana, na watu walikuwa wanakuja saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nitakueleza dakika chache tu za mazoezi yale. Mama wa familia ameketi kwenye kigoda, anakoroga uji, ana mazungumzo marefu na binti yake, mazungumzo ambayo katika ukumbi wa kanisa yalikuwa yakitutoa machozi kwa sababu anaongea bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Mwenye nyumba anaingia kwa mlango wa nne. Ukingo wa mlango ukagonga kigoda. Mama akasogea. Tukasema tuanze tena, kigoda kisogezwe mbele. Sasa mlango wa tano, ambao binti anautumia kukimbia, ukagonga jiko. Tukasogeza jiko. Mama sasa yuko mbele kabisa, miguu yake inaning'inia karibu na ukingo wa jukwaa, anamkorogea uji mtu wa safu ya kwanza, na binti anayetakiwa kumnong'oneza yuko mbali naye mita tatu, anapaza sauti. Mnong'ono ukafa. Onyesho lote lilikuwa limejengwa juu ya mnong'ono huo. Saa kumi mwelekezi, bila kunitazama, akamwomba fundi aipigilie milango saba kwa misumari isifunguke. Kwa hiyo wazo langu la milango likaingia jukwaani likiwa ua wa mbao, na gharama yake ikiwa ileile. Watu wa viti vya kushoto waliona mgongo wa mlango mmoja kwa saa nzima na dakika arobaini; kama kuna Mkenya anayefahamu bawaba za kizamani kuliko wao, simjui.

Fedha zilizoliwa na milango zilikuwa zimepangiwa malipo ya waigizaji. Walipata nauli. Yule aliyeigiza mama hunisalimia tukikutana, lakini kwa namna ambayo mtu humsalimia mkopaji.

Sasa kuhusu aliyenipeleka huko. Alikuwa mshauri aliyekuja kutuendeshea warsha ya wikendi, mtu mwenye maneno mazuri na kompyuta iliyojaa picha, na fundisho lake kuu, alilolirudia hadi likaingia katika ndoto zangu, lilikuwa "wazo kwanza, vipimo baadaye." Alisema mbunifu anayeanza na futi kamba ni fundi seremala. Alilisema kama tusi! Seremala mmoja wa Gikomba angenitazama mara moja, akaniuliza mlango unafungukia upande gani, na akaniokolea msimu mzima. Alitufundisha kukusanya picha za ukungu, kutu, ndege waliokufa na kuta zilizochubuka, kuzibandika kwenye ubao na kutafuta "hisia" inayoziunganisha, na hakutuambia hata siku moja kwamba baada ya hisia huja mtu mwenye kilo zake na miguu yake miwili ambaye lazima apite. Nasoma katika swali lako kwamba nawe una ubao wa picha. Naiona mikono yake humo, au ya mwanafunzi wake.

Kilichoniudhi zaidi nilipokuja kusoma mwenyewe ni kwamba mifano yake ilikuwa inampinga. Alipenda kutuonyesha picha za lile onyesho maarufu la 1970 kule Stratford, Uingereza, Peter Brook alipoelekeza "A Midsummer Night's Dream" ya Shakespeare ndani ya sanduku jeupe lililobuniwa na Sally Jacobs. Tazameni, alisema, msitu hauna mti hata mmoja. Hilo ndilo wazo. Sawa. Lakini tazama hizo picha tena ukiitafuta sakafu. Sakafu ni tupu! Kuna bembea zinazoshuka kutoka juu, kuna ngazi, kuna kijia cha juu ya kuta ambako waigizaji wanasimama wakiwatazama wenzao, na msitu unafanywa na waigizaji wenyewe wakining'iniza nyaya zilizojikunja. Kila kilichomo kinashikwa, kinapandwa au kinazungushwa na mtu. Wazo lile halikuwanyang'anya waigizaji nafasi, liliwaongezea na hewa ya juu. Mshauri wetu aliona weupe tu, akaenda nao nyumbani.

Mfano mwingine aliotupa ulikuwa Edward Gordon Craig, ambaye kila mbunifu wa jukwaa anatakiwa kumwabudu, na mimi simkatazi mtu ibada yake. Craig alibuni mfumo wa paneli ndefu zinazosimama na kukunjika, zenye uwezo wa kugeuka kuwa ukumbi wa mfalme, kichochoro au ukuta wa ngome mbele ya macho ya hadhira bila pazia kushushwa, na paneli hizo zikatumika katika "Hamlet" iliyofunguliwa Moscow Januari 1912, kwenye jumba la mwelekezi Mrusi Stanislavski. Katika modeli zilikuwa zinateleza kwa uzuri. Stanislavski alisimulia baadaye kwamba walipojaribu kuzitengeneza kwa ukubwa halisi walianza na chuma na shaba, wakaona uzito wake ungehitaji jengo lifanyiwe ukarabati, wakajaribu mbao, wakajaribu gome laini la koki, na mwishowe wakaangukia kwenye turubai ya kawaida iliyotandwa juu ya fremu. Na bado, kwa maelezo yake, muda mfupi kabla ya watu kuingia paneli zikaanza kuyumba na kuangushana moja baada ya nyingine, na lile pazia ambalo mfumo wote ulibuniwa ili kuliepuka likalazimika kutumika. Craig aliikanusha habari hiyo maisha yake yote, na mimi ningekuwa yeye ningeikanusha pia. Lakini zingatia orodha ile: chuma, shaba, mbao, koki, turubai. Jumba lenye fedha na mafundi wa kutosha lilifikia kwenye kitambaa kwa kupitia chuma. Wewe unaweza kuanzia kwenye kitambaa cha marekani na kuzipuuza hatua nne za mwanzo.

Ukitaka mfano wa karibu, upo Limuru, mwendo usiofika hata saa moja kutoka mjini kama barabara haina msongamano. Watu wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ walipojenga uwanja wao wa maonyesho kwa ajili ya tamthilia ya "Ngaahika Ndeenda" mwaka wa 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia kwamba kikundi cha vijana kiliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti pale chini, kisha wakatengeneza modeli ndogo, na ndipo ujenzi ukafuata modeli hiyo. Anza kuhesabu hatua hizo: ardhi, modeli, ujenzi. Hawakuwa na shahada ya ubunifu wa jukwaa, wala hawakuwa na mshauri wa wikendi, nadhani hiyo ndiyo bahati yao. Serikali ilikuja kuubomoa uwanja huo mwaka wa 1982, na ilibidi kutumia nguvu, kwa sababu haukuwa na nia ya kuanguka wenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi msimamizi wa jukwaa hili la mtandaoni anifungie: sakafu kwanza. Usinunue hata msumari kabla waigizaji wako hawajaigiza tamthilia nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ndani ya vipimo kamili vya seti yako vilivyochorwa chini kwa utepe. Si onyesho moja. Si "tutapitia tu maingilio." Tamthilia nzima, kwa vifaa halisi, na sufuria yenye maji ndani.

Nenda ukumbini na futi kamba yako mwenyewe, usiamini vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya kukodisha, kwa sababu karatasi hiyo hupima kutoka ukuta hadi ukuta na kusahau kwamba pazia la nyuma limening'inia mbele ya ukuta, na kwamba kuna piano pembeni ambayo hakuna mwenye mamlaka ya kuihamisha. Pima upana wa jukwaa unaoonekana kutoka kwenye kiti cha mwisho kabisa cha kulia na cha mwisho kabisa cha kushoto. Pima mlango wa kupakulia, upana na kimo, na kona iliyo baada yake, maana kuna milango mipana inayokupeleka kwenye korido yenye kona ambayo godoro haligeuki. Uliza kama skrubu zinaruhusiwa sakafuni, uliza unaruhusiwa kuingia saa ngapi siku ya kwanza, na uliandike jibu mbele ya aliyelitoa.

Kisha, mahali mnapofanyia mazoezi, nunua utepe wa karatasi ule wanaotumia mafundi wa rangi, na uchore kila kitu chini: ukingo wa jukwaa, kuta, ngazi, na kwa kila mlango chora pia ule upinde unaofagiwa na mlango ukifunguka. Weka viti viwili pale ambapo watazamaji wa pembeni wataketi, umweke mtu katika kila kimoja, awe mtu asiyekupenda sana. Kwa kizimba chako, simamisha miti minne kwenye pembe na ufunge kamba ya katani kutoka juu hadi chini kila sentimita 15, upande mmoja tu wa mbele, na umwambie mama aje na sinia la chai. Utajua kabla chai haijapoa. Ukitaka kufuta ukuta unabandua utepe. Mimi kufuta ukuta ilinibidi nitafute grainda.

Usifikiri kwamba hii ni njia ya kuua dhana, kama alivyokuwa akisema yule mshauri wa warsha. Caspar Neher, mbunifu wa jukwaa wa mwandishi Mjerumani Brecht, alikuwa akichora watu kwanza, wamekaaje, nani amempa nani mgongo, mikono iko wapi, na chumba kinaongezwa kuwazunguka kadiri wanavyokihitaji. Michoro yake ina kiti kimoja na mlango mmoja na unaelewa vita nzima. Dhana inayotoka kwenye miili ya waigizaji ina jambo la kufanya jukwaani. Dhana inayotoka kwenye ubao wa picha inasimama tu pale, imesema kila ilichokuwa nacho katika sekunde ya kwanza pazia linapofunguliwa, na baada ya hapo inangoja watu waende nyumbani. Kizimba chako kitaniambia saa ile ile kwamba nyumba hii ni gereza. Nimeelewa. Sasa nitafanya nini kwa saa moja na nusu iliyobaki? Hata ule mti mkavu wa Beckett katika "Waiting for Godot" unachipua majani machache katika Tendo la Pili, na huo ni mti mmoja katika tamthilia ambayo watu hulalamika kwamba hakuna kinachotokea.

Sasa soma swali lako mwenyewe. Umeandika, kwa kupita tu, katika sentensi ambayo nadhani hukuitilia maanani, kwamba mama anaanika nguo katika kila tendo kwa sababu baba hataki kuona nguo chafu nyumbani. Mama anafunga kamba, kutoka ukuta hadi ukuta, mbele ya macho yetu, kwa mikono yake, kwa amri ya mtu mwingine. Katika tendo la kwanza kamba ni moja. Vipi kama haifunguliwi? Katika tendo la pili zimekuwa nne, watoto wanapita kwa kuinama bila kufikiri, mgeni anayeingia hajui na inamkata shingoni. Kufikia tendo la mwisho jukwaa zima limefumwa, na mzee mwenyewe, kwa kimo chake chote na kofia yake ya kazini, hawezi kukifikia kiti chake bila kuinamisha kichwa nyumbani kwake. Hicho ndicho kizimba chako. Kina uzito wa kilo mbili, kinaingia kwenye mfuko wa sokoni, kinapita mlango wowote wa Nairobi, na kinajengwa na mwigizaji mwenyewe huku akiongea. Nondo zako 160 haziwezi kufanya hata sehemu ndogo ya hayo kwa sababu zimefika zikiwa zimemaliza.

Labda nimekosea, labda kamba zitawanasa watu wote na mtazifungua siku ya pili ya mazoezi. Ndiyo maana nasema utepe na katani kwanza. Kama kamba hazifai utakuwa umepoteza bei ya kamba.

Wenzetu wawili hapo juu wamekushauri upunguze kizimba hadi pande tatu, uache wa mbele wazi, na wengine wamesema utumie mabomba matupu badala ya nondo ili kiwe chepesi. Ni ushauri wa watu wema, na ndio uleule nilioupata mimi niliposema milango tisa ni mingi: "basi weka saba." Tatizo halikuwa idadi. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu akipita.

Kuhusu mwelekezi wako, mimi niko upande wake zaidi ya ulivyotarajia, ingawa makochi nayo ni balaa lake: kochi la kweli likikaliwa linammeza mwigizaji, na kuinuka kwake kunachukua muda kuliko sentensi yenyewe. Usiende kumshawishi kwa maneno, wala usimpelekee modeli, wala usitamke neno "dhana" mbele yake. Jumamosi hiyo uliyopanga kwenda Kamukunji, nenda kwenye mazoezi saa moja kabla ya wengine, chora sakafu, funga ile kamba ya kwanza, na umwombe mama aanze kuanika tangu mstari wake wa kwanza. Keti kimya pembeni, kwenye kile kiti kibaya. Yeye mwenyewe ataona ni wapi kochi linazuia beseni, na ataliondoa kabla hujafungua mdomo.

Ulikuwa umeuliza pia habari za rangi na taa, lakini rangi ya nondo haina haja tena, na ya taa wakujibu wanaojua bei za sasa. Fundi mpigie leo, si kesho, umwambie asikate chuma. Akishakata, hata akiwa mwungwana namna gani, pesa hairudi.